Ubao Nilioupiga Pasi

Jumamosi, 4 Machi

Imeingia saa nne asubuhi, kitako mbele, juu ya trela lenye gurudumu moja bovu. Boti! Watu hatuna hata baiskeli.

Kumbe wiki mbili nzima mume wangu akitoka kutengeneza friji za watu alikuwa anapitia "mahali". Mahali penyewe ni uwanja wa hoteli iliyofungwa. Hii maiti ya faiba ililala huko miaka kumi, nyasi zimeota tumboni. Mlinzi wa hoteli akamwambia mwenye boti amesema anayeitaka aichukue. Akachukua. Anasema ataifufua, aende nayo visiwani kutengeneza mafriza ya wauza samaki bila kungoja boti za wengine. Haya, hiyo ni sababu, nimeielewa.

Lakini imewekwa wapi? Uani, chini ya banda la mabati – mahali pa cherehani yangu! Mahali nilipoahidiwa ukuta, dirisha, na meza ndefu ya kukatia vitambaa. Tangu mwaka juzi naahidiwa. Leo cherehani imehamia sebuleni, kati ya kabati na mlango, na nikinyoosha kiwiko nagonga runinga.

Nikamwuliza, na chumba changu cha kushonea? Akasema ni kwa muda tu, mama. Huku anaipapasa boti ubavuni kwa kiganja kizima. Mimi hajanipapasa hivyo tangu... Basi, niache.

Jumanne, 7 Machi

Kaamka kabla ya jogoo kwenda kuisugua. Anaimba! Huyu ambaye asubuhi hata salamu humtoka kwa shida. Nimempa jina: Nahodha. Nikamwambia Nahodha, chai. Akacheka, hakuja, ikapoa.

Jumapili, 12 Machi

Leo Nahodha kanuna. Amechoma bisibisi kwenye ubao wa nyuma, ule unaobeba injini, ikazama kama kwenye mkate. Umeoza wote ndani ya faiba. Anasema bila ubao huo mzima hakuna boti, kuna beseni.

Nikamwonea huruma. Nikamwambia si utafute fundi wa faiba? Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu.

Alhamisi, 16 Machi

Fundi kaja. Nilitegemea mzee fulani mwenye kofia na kikohozi. Mwanamke! Rika langu, akinizidi ni mwaka mmoja. Ovaroli ya bluu, mikono imekunjwa hadi viwikoni, kitambaa chekundu kichwani. Miaka kumi na miwili alitengeneza matangi ya maji kwenye karakana ya watu, sasa anajitegemea. Mjane? Kaachika? Sijui na sitauliza, ingawa nataka sana kujua.

Akanipa mkono: hujambo, wifi? Wifi! Wifi wa wapi? Mume wangu ana dada wawili, wote nawajua, mmoja hata hatusemeshani. Huyu wa tatu kazaliwa lini? Na mume wangu ni "kaka". Kaka shika hapa, kaka niletee msasa. Nikamjibu sijambo. Hata nikatabasamu – kwa meno tu.

Jina lake nimeshampa. Bi Faiba.

Jumamosi, 25 Machi

Kazi ya leo ilikuwa kugongagonga. Bi Faiba katoa sarafu mfukoni, anaigonga boti shubiri kwa shubiri na kusikiliza. Panapolia ti, pazima. Panapolia du, faiba imeachana na kilicho chini yake, kuna uwazi au maji. Nahodha naye kachukua sarafu yake. Wakazunguka hivyo, ti, ti, ti, du, vichwa karibu karibu, wanatia alama za chaki. Mimi niko dirishani nashona pindo la sketi. Lilipinda lote, nikalifumua.

Kinachoniuma ni kile kimya chao. Watu wawili wanasikiliza kitu kimoja! Mimi na yeye mara ya mwisho kusikiliza kitu kimoja ilikuwa moyo wa mtoto wetu tumboni, na mtoto mwenyewe sasa yuko kidato cha pili, analala bweni.

Jumatano, 5 Aprili

Aibu ya mwaka. Vumbi la faiba linawasha kupita upupu. Nahodha kaingia na ovaroli yake, kakaa kwenye kiti – kiti chenye suti ya mwalimu mkuu, niliyoimaliza jana! Saa tano mwalimu mkuu kaja kuijaribu. Kwanza kajikuna shingo. Kisha kiuno. Kisha heshima zote zikamtoka, koti chini, anajikuna mgongo kwenye fremu ya mlango wangu. Mteja wangu wa miaka tisa, mtu asiyecheka hata siku ya kufunga shule.

Uani wanacheka mpaka wanaishikilia boti wasianguke. Kisha Bi Faiba kaja mbio: wifi, maji baridi, asitumie ya moto, halafu umbandue vumbi kwa utepe wa gundi. Tukafanya hivyo. Ikafaa! Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Ijumaa, 14 Aprili

Jirani kapenyeza uso juu ya ukuta. Siku hizi kwenu vicheko haviishi, kasema. Nikamwambia ni kazi. Ehe, kasema, kazi. Akashuka.

Na chai Nahodha kampa Bi Faiba kwenye kikombe changu. Kile kipana, chenye mkono wa bluu. Vikombe vimejaa kabatini!

Jumanne, 18 Aprili

Naandika, na karatasi hii huenda nikaichana.

Ubao mpya wa nyuma uko tayari tangu jana: plaiwudi mbili nene zilizogandishwa pamoja na kukatwa kwa umbo lake. Ulikuwa unaota jua uani juu ya stuli mbili, wapate kuufunga kesho kutwa. Nahodha na Bi Faiba wakatoka kwenda kununua resini, ile gundi ya faiba, na hadina yake, ile dawa inayoigandisha. Wote wawili. Kopo linabebwa na mtu mmoja, huyo wa pili anabeba nini?

Saa nane simu. Mama, huku mvua imeshika, inakuja huko, nifunikie ubao na turubai. Nyuma yake namsikia Bi Faiba anasema kitu, na yeye anacheka kabla hajakata. Ananiagiza mimi huku anacheka na mwingine! Nikasema sawa.

Turubai lilikuwa hatua sita kutoka nilipokaa. Nikakaa. Nikatunga uzi kwenye sindano. Mvua ikaanza moja moja kwenye bati, kisha yote kwa pamoja. Nikauangalia ubao unavyobadilika rangi, nikaona raha. Naliandika hivyo hivyo, niliona raha! Karibu saa nzima niliuangalia unalowa, nikasema moyoni, sasa mtajua na mimi nipo.

Ilipokatika ndipo nikaruka kitini. Wanarudi! Ubao umekunywa, kingo zimevimba kidogo. Nikaufuta kwa taulo, wapi. Basi nikafanya ninachofanya siku zote kitu kikiwa kimelowa na mwenyewe yuko njiani. Nikachomeka pasi.

Ndiyo. Nimeupiga ubao pasi. Mbele na nyuma, kingo na pembe, kwa moto wa suti. Mvuke ukapanda mpaka nikakohoa. Mahali pamoja nilisahau mkono, pasi ikaacha alama ya kahawia yenye ncha yake. Uvimbe ukashuka. Kisha nikaulaza pale pale, nikaufunika turubai, nikamwaga maji juu ya turubai lionekane limenyeshewa. Loo! Ujanja wa uovu haufundishwi, unakuja wenyewe.

Wakafika. Nahodha kafunua, kagusa. Mkavu, tena vuguvugu. Akamgeukia Bi Faiba: si nilikwambia? Mke wangu akisema sawa, ni sawa.

Chakula kimenishinda.

Alhamisi, 20 Aprili

Wameufunga. Bi Faiba kauwekea kiganja, kauliza kama ni hakika haukupata maji. Aliuliza hewani tu, hakunitazama. Nahodha kajibu: mke wangu aliufunika. Na hii alama ya kahawia? Nahodha tena: labda ya dukani. Mimi nimeshika beseni la vitambaa, nazidi kuvikunja. Resini ilikuwa imeshachanganywa, na ikishachanganywa haingoji mtu – robo saa imegeuka jiwe. Kwa hiyo ilikuwa haraka haraka, brashi, kitambaa cha faiba, rola, brashi tena.

Ile alama ya pasi ilizidi kuonekana chini ya resini ya kwanza. Kitambaa cha pili kikaja juu, na cha tatu, ikapotea. Nikashusha pumzi.

Kwani litakalotokea ni nini? Patavimba kidogo, pataonekana pabaya, Bi Faiba ataambiwa asante kwa kazi, kwaheri. Ndivyo nilivyojiambia.

Jumapili, 7 Mei

Sijui nianzie wapi. Leo nimefanya kazi kwenye boti!

Bi Faiba alikuwa anakata kitambaa cha faiba kwa mkasi butu, anakitafuna badala ya kukikata. Nilivumilia vipande viwili. Cha tatu nikatoka na mkasi wangu mkubwa, ule usioguswa na mtu, nikamwambia dada, sogea. Nikapima kona ya boti kwa gazeti, nikatoa mchoro kama wa bega la gauni, nikakata. Kilikaa kwenye kona bila kunyanzi. Kitambaa ni kitambaa bwana!

Bi Faiba kashika kiuno. Wifi, hii mikono ulikuwa umeificha wapi? Na Nahodha kanitazama. Kanitazama mimi! Nimekata mpaka jioni. Nawashwa mwili mzima na sijali.

Kwenye chai nikauliza, kama sina habari, kwa nini mlihangaika vile na kuukausha ule ubao? Bi Faiba kaeleza taratibu, huku anakichezea kikombe changu. Faiba ikiwekwa juu ya ubao wenye maji inaushika kinafiki. Kwa macho imeshika. Siku injini inasukuma kwa nguvu zote, katikati ya maji, inauachia. Injini inang'oka na mgongo wa boti, maji yanaingia kwa nyuma, na waliomo hawapati hata muda wa kuvaa maboya. Alishawahi kuiona moja iliyorudishwa karakanani. Iliyorudi ni boti tu, kasema, watu wake hawakurudi.

Nahodha kasema, Mungu atuepushe. Chai yangu imepoa mkononi.

Jumatatu, 22 Mei

Boti imepakwa rangi nyeupe. Nzuri, kusema kweli. Inang'aa mpaka banda la mabati linaona aibu.

Leo wametoka, niko peke yangu. Nikavaa kile kikofia cha chuma cha kidole ninachoshonea, nikaenda nyuma ya boti, nikagonga. Ti. Ti. Ti. Nikafika chini kulia, chini kidogo ya pale injini itakapokaa. Du.

Nikarudia. Du. Nikafuata ukingo wake kwa kidole. Upana wa sahani.

Nimeketi kwenye cherehani tangu saa hiyo, sijashona hata mshono mmoja.

Alhamisi, 1 Juni

Injini imefungwa. Jumamosi wanaiingiza majini.

Mambo mawili. La kwanza, Bi Faiba kanivuta pembeni, kanishika mkono, ananong'ona kama mtoto mwenye siri. Kuna bwana mmoja ana boti sita za kuvusha abiria, zote zimechoka. Atakuja Jumamosi kuiona kazi yake. Ikimpendeza, kazi ya boti zote sita ni yake fundi, ya miaka miwili. Halafu kasema: wifi, nikizipata hizo, mkataji ni wewe. Siwezi kufanya na mtu mwingine. Mkono wake una magamba ya resini. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuuachia.

La pili, nilijaribu kusema. Wallahi nilijaribu. Nahodha kakaa kitandani, mimi namkunjia mashati. Nikaanza: hivi, kama ule ubao una kasoro? Hakuniacha nimalize. Yule mwanamke hakosei, kasema. Sijaona mkono kama ule maishani mwangu.

Mikono yangu ilikuwa mbele ya pua yake, inamkunjia shati!

Nikauliza, na Jumamosi nani anapanda wa kwanza? Mimi na fundi, kasema, ndiyo heshima yake. Basi nikakunja mashati yote nikayapanga, wala sikumtazama tena.

Ijumaa, 2 Juni

Mimi na fundi. Mimi na fundi. Nimeshinda na maneno hayo siku nzima.

Mara nasema waende, kwani waliniuliza? Mara namwona maji yamemfika shingoni. Anaogelea kama jiwe, huyo Nahodha wangu. Na yule wa pili aliyesema mkataji ni wewe, sijui kama anaogelea. Nitasema kesho asubuhi kabla trela halijafungwa. Nitasema kwenye chai.

Jumamosi, 3 Juni

Chai imenyweka na sijasema.

Naandika niko kwenye cherehani, dirisha wazi. Trela limeshafungwa kwenye pikapu. Nahodha kavaa shati jeupe nililompigia pasi jana, anazunguka boti kama bwana harusi. Bi Faiba kavaa gauni! Kumbe analo. Pindo la nyuma limemtoka upande mmoja, na vidole vyangu vinataka kwenda kulishona.

Mwenye boti sita amefika kabla ya saa. Mfupi, sauti nzito, viatu vya kung'aa. Hataki maneno mengi. Anasema rangi kila mtu anajua kupaka, nionyeshe chini yake kukoje.

Bi Faiba anacheka, hana wasiwasi. Anatoa sarafu. Naisikia. Ti, ti, ti. Ubavu wa kushoto. Ti, ti. Yule bwana anaguna, ameridhika. Wanakuja nyuma. Kwanza juu – ti. Kushoto – ti. Anakwenda kulia. Nahodha anapiga hadithi kuhusu injini. Nyamaza wewe!

Du.

Anarudia. Du. Anashuka chini. Du, du.

Nahodha kanyamaza. Bwana anauliza hiyo ni sauti gani. Bi Faiba anasema, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, ubao una maji ndani. Ulifungwa haujakauka. Hii leo haiingii majini.

Basi hawaendi. Ameshaijua, hawaendi, wako hai wote wawili! Mungu wangu, nimeshukuru kwa sauti. Ningeweza kuishia hapa. Hakuna anayenitazama.

Bwana anauliza, ulilowaje? Na mume wangu, haraka, kwa ukali, kama mtu anayezuia kofi: haukulowa. Mvua ilinyesha siku moja tu, na siku hiyo mke wangu aliufunika. Huyo namwamini kuliko mtu yeyote aliyesimama hapa.

Kuliko mtu yeyote aliyesimama hapa! Miezi mitatu nimeyangoja maneno hayo. Kayasema mbele ya Bi Faiba, usoni kwake, na uso wake nauona kutoka hapa.

Bi Faiba anasema: basi ni mimi. Niligusa juu nikaridhika, ndani sikupima. Kosa langu. Yule bwana anasema pole, fundi, lakini abiria ni watu. Anatafuta funguo za gari mfukoni, nazisikia zinalia.

Hapana. Hapana bwana! Amekaa kwenye kivuli changu, amenywea kikombe changu, amecheka na mume wangu mpaka nimekonda. Kosa hili hanichukulii. Hili ni langu, nililifanya kwa mikono yangu miwili.

Pasi iko hapa mezani, weusi wa ubao bado umeganda kwenye ncha, nimeusugua hautoki. Naibeba, maana kwa mdomo mtupu mume wangu hataniamini.

Nimewaita dirishani. Wote watatu wamegeuka. Mume wangu anatabasamu, anadhani nakuja kumtetea. Bi Faiba anajifuta macho, ananiuliza: kuna nini, wifi?